Mufwankolo na Kiswahili cha watu waliofika

 

Leo tunaongea juu ya mchezaji wa teatri ambaye jina lake liliingia katika kila nyumba ya mji huu. Jina alilopewa na wazazi ni Kyembe Kaswili Odilon. Jina alilopewa na jukwaa ni Mufwankolo. Ukilitaja mbele ya wakubwa wetu, wanaanza kucheka kabla hujamaliza. Ukilitaja mbele ya vijana, wengi wanasema, "Nimelisikia," halafu wananyamaza. Ndiyo sababu tunaandika. Kazi ya Mufwankolo ni sehemu ya historia ya Lubumbashi sawa na bomba la moshi la kiwanda na kilima cheusi cha taka za shaba, lakini bomba na kilima vinaonekana na macho, na mchezo wa kuigiza haubaki mahali usipokumbukwa.

Tena iko sababu ya pili. Mufwankolo alicheza katika Kiswahili cha hapa, Kiswahili ambacho watu wa pwani na walimu wa shule wanakicheka wakisema si Kiswahili. Lugha hiyo ilitengenezwa na watu waliofika kutoka mbali, kila mmoja na yake. Kwa hiyo anayehama leo na kufika Lubumbashi anapaswa kujua kwamba lugha anayoikuta hapa ilianzishwa na wageni kama yeye.

MJI ULIOJENGWA NA WALIOTOKA MBALI

Turudi nyuma kidogo. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli iliyotoka kusini ilifika hapa, na mji wa Élisabethville ukaanza. Shaba ilikuwepo, lakini watu wa kuichimba hawakutosha. Wakaletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Wakaletwa kutoka Kasai, Lomami na Maniema. Kuanzia miaka ya 1920 wakaletwa pia kutoka Rwanda na Burundi. Katika kambi moja uliweza kusikia Kiluba, Kibemba, Kitshiluba, Kisongye, Kitetela na Kinyarwanda, yote kabla ya saa sita.

Mwanzoni wafanyakazi wengi waliotoka kusini walikuja na lugha ya migodi ya huko. Wabelgiji hawakupenda kazi yao itegemee watu na lugha za upande wa Waingereza. Kiswahili kilikuwa kimeshafika Katanga zamani kwa njia ya biashara, na wengi waliotoka Maniema na mashariki walikuwa nacho. Kikachukuliwa kuwa lugha ya kazi. Mkubwa wa kazi alikitumia kutoa amri. Lakini mfanyakazi alipomaliza kazi, alirudi nacho nyumbani. Akakitumia kununua samaki sokoni, kuomba mke, kugombana na jirani, kulia kwenye kilio. Kuanzia mwaka 1928 kampuni iliamua kuwaacha wafanyakazi wakae na wake na watoto wao kambini kwa miaka mingi, badala ya kuwarudisha kijijini haraka. Hapo ndipo walizaliwa watoto ambao Kiswahili hiki kilikuwa lugha yao ya kwanza, hata kama baba alitoka Kabinda na mama alitoka Kasenga.

Kiswahili hiki kina sura yake. Wa pwani anasema "watu wanakuja", sisi tunasema "bantu banakuya". Yeye anasema "ninafanya kazi", sisi tunasema "minatumika". Maneno ya Kifaransa yameingia ndani yake bila kubisha hodi. Shuleni mwalimu alifundisha Kifaransa, ao Kiswahili kingine cha vitabu. Kanisani padri alisoma Kiswahili safi. Lugha ya nyumba na ya uwanja ilibaki bila kitabu, na lugha isiyo na kitabu watu huiona haya.

KUTOKA UWANJA WA VIJANA MPAKA REDIO

Miaka ya 1950 mji ulikuwa umekua. Karibu na Kamalondo, mtaa wa zamani wa Waafrika, zilikuwa zimeongezeka Kenya, Katuba na Ruashi. Vijana walikuwa na skauti, parokia, vyama vya mpira na mahali pa kustarehe palipojengwa na kampuni. Ilikuwa miaka ya gitaa pia. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akarekodi gitaa la Mwenda Jean-Bosco, na sauti ya Katanga ikasikika mpaka Nairobi na Johannesburg. Katika mji wetu vikundi vya vijana vilichanganya ngoma, nyimbo na vichekesho. Jecoke ya komini ya Kenya ni kimoja ambacho wakubwa wanakitaja mpaka leo.

Katika hewa hiyo ndipo alitokea Kyembe Kaswili na wenzake. Vichekesho vifupi vya vijana vilikua na kuwa teatri. Aliyekuwa karibu naye tangu mwanzo alijulikana kwa jina la Kachelewa. Baadaye jina la Bibi Kawa nalo likawa kubwa, kwa sababu teatri juu ya maisha ya nyumbani haiwezi kusimama bila mwanamke anayejua kujibu. Kundi likaitwa kwa jina la mchezaji wake mkuu, Groupe Mufwankolo. Sio jambo dogo. Katika siku hizo vyama vingi viliitwa majina ya watakatifu ao ya kampuni. Hili liliitwa kwa jina la mtu ambaye watu walimpenda akiwa amesimama mbele yao.

Halafu ikaja redio. Katika mitaa ya Waafrika vipaza sauti viliwekwa viwanjani, na watu walisimama kusikiliza pamoja. Sisi tunaofanya kazi ya redio tunajua redio inamwomba mchezaji nini. Hana uso, hana nguo, hana mikono. Ana sauti tu. Inabidi msikilizaji ajue kwa sauti kwamba huyu ni mume aliyerudi usiku na mshahara umekwisha, na yule ni shemeji aliyekuja kutembea siku mbili na sasa ni mwezi wa tatu. Mufwankolo na wenzake walijua kufanya hivyo. Baadaye televisheni ilipofika, watu waliona nyuso za sauti walizozizoea.

Michezo yao ilihusu mambo ya kila siku. Mke na mume wanagombania pesa ya bukari. Ndugu za marehemu wanafika kuchukua vitu vya mjane. Mlevi anaahidi kuacha. Mfanyakazi anaogopa jirani yake ni mchawi, kumbe jirani ana deni tu. Kampuni na serikali zilipenda teatri kwa sababu inafundisha: usinywe pombe kupita kiasi, peleka mtoto hospitali, tunza nyumba. Kundi lilifundisha kweli. Lakini mtu anayefundisha kwa kuchekesha anapata nafasi ya kusema mengine pia, na wasikilizaji wetu wana masikio.

MCHEZO BILA KARATASI

Jambo la kwanza la kujua juu ya kazi ya Mufwankolo ni kwamba haikuandikwa kabla ya kuchezwa. Hapakuwa na daftari la maneno ya kukariri. Mmoja alileta wazo. Wote walikaa wakalijadili: nani atakuwa nani, tatizo linaanzia wapi, linaishia wapi. Halafu wakasimama na kujaribu. Kila mchezaji alitafuta maneno yake mwenyewe, na kila mara walipojaribu maneno yalibadilika kidogo, mpaka mchezo ukasimama imara.

Mtu asiyejua anaweza kusema hiyo ni kazi ya ovyo. Hapana, ni kazi ngumu kuliko kukariri. Inataka mchezaji awe anasikiliza. Mwenzako akisema neno ambalo hukulitegemea, lazima ujibu hilo, si lile ulilolibeba kichwani. Ndivyo wanavyofanya wazee barazani, na ndivyo wanavyofanya mama sokoni wanapopatana bei. Mufwankolo alichukua ujuzi ambao watu wa mji walikuwa nao tayari na kuupandisha jukwaani.

Na Kiswahili cha hapa ndicho kiliwezesha hayo. Huwezi kujibu haraka katika lugha ambayo unaogopa kuikosea. Mchezaji aliyeambiwa aseme Kifaransa cha shule angetafuta karatasi.

MWAKA 1986: FIRIGISI YA KUKU

Mchezo wa kundi hili unaojulikana zaidi nje ya Kongo ulizaliwa kwenye meza ya chakula. Johannes Fabian, mtaalamu Mjerumani aliyewahi kufundisha katika chuo kikuu cha hapa Lubumbashi miaka ya 1970, alirudi mwaka 1986. Siku moja alikuwa anakula kuku na marafiki. Ikafika firigisi. Kila mwenye desturi anajua firigisi haipewi mtu yeyote tu, ni ya mkubwa. Mmoja akasema kwa Kifaransa, "Le pouvoir se mange entier", yaani ukubwa huliwa mzima, haukatwi vipande.

Fabian akaanza kuuliza watu maana ya msemo huo. Alipowafikia Mufwankolo na kundi lake, hawakumpa maelezo. Walisema watautengenezea mchezo. Wakakaa, wakajadili, wakajaribu, naye akirekodi maongezi yao kwa kaseti. Ukatoka mchezo juu ya chifu wa kijiji na watu wake wasiotaka kumtii. Ulichezwa katika kijiji cha Kawama, nje ya mji, mbele ya kamera za televisheni.

Tukumbuke mwaka. 1986 ni wakati wa Mobutu na chama kimoja cha MPR. Nchi iliitwa Zaire na jimbo letu Shaba. Vyama vingi vilitangazwa tu tarehe 24 Aprili 1990. Katika siku zile wasanii waliitwa kuimba sifa za mkubwa. Sasa fikiri kundi la teatri linasimama kusema juu ya chifu, utii na ukubwa usiogawanywa. Wa kwanza anasikia: mtiini mkubwa, kwa maana kijiji bila chifu kinaharibika. Wa pili anasikia: tazama mtu anayekula peke yake. Maneno ni yale yale. Mchezaji hakumtukana mtu yeyote, na kila mtu alirudi nyumbani na lake.

Mimi ninausikia msemo huo kwa namna ya tatu. Anayekula firigisi nzima anameza na kazi yake nzima. Huwezi kuchukua heshima ya ukubwa na kuwaachia wengine matatizo ya kijiji. Mpaka leo katika mji wetu swali hilo halijazeeka.

Mwaka 1990 Fabian alitoa kitabu juu ya kazi hiyo, kinachoitwa Power and Performance, na ndani yake aliweka maneno ya wachezaji kama walivyoyasema, katika Kiswahili cha Shaba. Kabla yake, mwaka 1981, Walter Schicho wa Vienna pamoja na Mbayabo Ndala walikuwa wametoa kitabu juu ya Groupe Mufwankolo. Maneno ambayo mwalimu angeyakata kwa kalamu nyekundu yakawa kitu cha kusomwa katika vyuo vikuu vya Ulaya.

MTU WA MEXICO

Hapa kwetu tunafikiri jambo hili ni la Kongo tu. Si hivyo. Mexico ilikuwa na mchezaji, Mario Moreno, aliyezaliwa katika mji wa Mexico mwaka 1911 na kufa mwaka 1993. Dunia inamjua kwa jina la jukwaani, Cantinflas. Alianza katika mahema ya michezo ya watu wadogo, akicheza mtu maskini wa mtaani mwenye suruali inayoteleza, anayeongea sana mbele ya polisi, hakimu na tajiri mpaka wao wenyewe wanapotea katika maneno yake. Filamu yake ya mwaka 1940, Ahí está el detalle, ilimfanya nyota, na mwaka 1956 alicheza katika filamu ya Marekani juu ya safari ya kuzunguka dunia kwa siku 80.

Namna yake ya kuongea ilipendwa mpaka watu wakatengeneza kitenzi kutoka jina lake, cantinflear, na mwaka 1992 kamusi kubwa ya Kihispania ikakipokea. Lugha ya mtaani iliyochekwa iliingia kwa mlango wa mbele.

Cantinflas na Mufwankolo hawalingani kwa pesa wala kwa umbali ambao majina yao yalifika. Wanalingana kwa jambo moja: kila mmoja alichukua maneno ya watu wadogo wa mji mkubwa na hakuyasafisha. Tofauti ni kwamba Mexico ilikuwa na viwanda vya filamu, na filamu hubaki. Lubumbashi ilikuwa na redio, televisheni ya serikali na kaseti. Kaseti huliwa na vumbi, na mara nyingi kipindi kipya hurekodiwa juu ya kile cha zamani.

KUMBUKUMBU YETU IKO WAPI

Mufwankolo hakuwa peke yake katika kazi ya kuihifadhi historia ya watu wadogo wa mji huu. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Élisabethville kwa niaba ya watu waliokuwa maboi wa wazungu, katika Kiswahili cha hapa, na kuiita Vocabulaire de ville de Elisabethville. Miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi nzima katika picha zaidi ya mia moja. Mmoja aliandika, mmoja alichora, mmoja alicheza. Hakuna aliyengoja ruhusa ya profesa.

Lakini tazama kazi zao zinasomwa wapi. Mtu anayetaka kuzisoma leo anaanza na Amsterdam na Vienna. Hatuwalaumu waliozihifadhi, kwa maana bila wao tungebaki na majina tu. Tena hapa kwetu, tangu mwaka 2000, mradi wa Mémoires de Lubumbashi umewakusanya wataalamu wa chuo kikuu na wenyeji kukusanya kumbukumbu za mji. Lakini kazi ya kukumbuka haiwezi kuachiwa chuo kikuu peke yake. Michezo ya Mufwankolo ilisikilizwa na familia nzima, kwa hiyo iko bado katika vichwa vya familia. Baba mmoja anakumbuka jibu la Bibi Kawa. Mama mwingine anaweza kuigiza sauti ya Kachelewa. Wakienda wao, na hayo yanakwenda.

KWA WALIOFIKA JANA

Tuseme na jambo gumu. Teatri ilisema kwa lugha moja ambayo kila mmoja alikuwa na sehemu ndani yake, lakini siasa ilisema lingine. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga kwa maelfu na maelfu. Walilala kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi wakingoja treni ya kwenda "kwao". Wengi wao walizaliwa hapa. Walikuwa wamecheka vichekesho vile vile pamoja na jirani waliowafukuza. Tunaona kwamba kuchekea lugha moja hakutoshi kuzuia ubaya. Lakini waliofukuza walilazimika kwanza kusahau jinsi mji huu ulivyojengwa, na kusahau huko kunaweza kurudi.

Leo wanafika wengine. Wako waliotoka katika ile sehemu ya Mitwaba, Manono na Pweto iliyoitwa pembetatu ya mauti. Wako waliokimbia mapigano ya Tanganyika, na wako wa Kivu. Wanapanga nyumba ndogo huku Bel-Air, ao wanakaa kwa ndugu, watu kumi katika vyumba viwili. Watoto wao wanachekwa shuleni kwa namna wanavyosema. Wenyeji wanasema, "Hiki si Kiswahili chetu."

Chetu ni kipi basi? Hiki ambacho Mufwankolo alikipandisha jukwaani kilitoka Maniema, Kasai, Luapula, Rwanda na Bulgiki, vyote katika sufuria moja. Aliyefika jana na neno la Moba analeta chumvi katika sufuria ile ile. Baada ya miaka ishirini mtoto wa mtu wa hapa atalitumia neno hilo bila kujua lilitoka wapi.

Kwa hiyo tunawaomba mambo mawili. Aliye na kaseti ya zamani ya Mufwankolo, asiitupe na asirekodi juu yake. Aitafutie mtu anayeweza kuinakili. Na aliye na mkubwa nyumbani, amkalishe jioni moja, awashe simu, amwombe asimulie mchezo mmoja anaoukumbuka. Asimsahihishe Kiswahili chake. Amwache aseme kama anavyosema, maana wachezaji wenyewe walifanya kazi yao hivyo hivyo.